Tafakuri ya pumzi: Kuvuta maumivu, kutoa nafuu

Anayefundishwa kutuliza nafsi kwa pumzi kwa kawaida huambiwa avute utulivu na kutoa uchovu. Wabudha wa Tibet wanalo zoezi linalokwenda kinyume. Mtu huvuta pumzi akinuia kupokea maumivu ya mwenzake, kisha huitoa akimpelekea nafuu. Kwao huitwa tongleni, yaani kutoa na kupokea.

Zoezi hilo huhusishwa na Atisha, mwanazuoni mzaliwa wa Bengal aliyesafiri hadi Sumatra kujifunza elimu ya huruma, na ambaye mwaka 1042 aliwasili Tibet. Mafundisho yake yalibaki kwa wanafunzi wachache hadi Chekawa Yeshe Dorje (1101–1175) alipoyapanga katika nukta saba. Mapokeo yanasimulia kwamba Chekawa aliwafundisha wenye ukoma, watu ambao wengine waliwakimbia. Nduguye, aliyeibeza dini, alisikiliza nyuma ya mlango akaanza kulifanya kwa siri. Kulainika kwa tabia yake ndiko kulikomfichua.

Mtendaji huketi mgongo ukiwa umenyooka, akazifuata pumzi zake kwa dakika chache bila kuzilazimisha. Kisha humfikiria mtu mmoja, mathalani mzazi anayeumwa. Akivuta pumzi, maumivu yale huyaona kama moshi mzito unaoingia kifuani na kuyeyuka. Akiitoa, hupeleka mwanga mweupe. Chekawa alishauri mtu aanze na maumivu yake mwenyewe. Baadaye hufuata wagonjwa wengine, watu asiowajua, na hatimaye mahasimu, na hapo ndipo wengi hukwama. Dalai Lama wa 14 alieleza kuwa wakati wa machafuko ya Tibet ya Machi 2008 aliwafikiria maofisa wa China, akipokea hasira na shaka yao na kuwapelekea huruma. Hakudai kwamba jambo hilo lilimaliza mgogoro.

Je, si hatari kuyavuta maumivu ya watu? Walimu hujibu kwamba ugonjwa hauhami kwa nia. Kinacholengwa ni mazoea ya moyo kujikinga. Hata hivyo, swali hilo si la kupuuzwa, hasa na wauguzi na wanaolea wagonjwa nyumbani. Utafiti wa Olga Klimecki, Tania Singer na wenzao, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa waliofunzwa kuhisi tu uchungu wa wengine walizidi kuelemewa, ilhali mafunzo ya huruma yaliyofuata yaliwapunguzia mzigo huo. Mafunzo yale hayakuwa tongleni yenyewe, lakini yanadokeza kwa nini pumzi ya kutoa haipaswi kurukwa.

Mwenye msiba mbichi au kumbukumbu za ukatili asianze na picha nzito. Azifuate pumzi tu, na akiona kifua kinabana afumbue macho, asimame, arejee siku nyingine.