Majina Yaliyovuka Bahari

Kila hekalu letu linapoadhimisha mwaka wake, hufika wageni kutoka Leicester, London, Toronto na Gujarat ambao babu zao waliishi katika miji hii ya pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya sala na chakula, wazee huwauliza swali lile lile la siku zote: ninyi ni wa nani, na kijiji chenu ni kipi? Mara nyingi huonekana kwamba mgeni na mwenyeji ni wa shina moja, ingawa hawakuwahi kuonana. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu tumeona yafaa tueleze jinsi jamaa hao walivyotengana, na ni kitu gani kilichowawezesha kutambuana tena.

Wazee wetu waliletwa na upepo. Majahazi yaliyotoka Mandvi na Porbandar yalisafiri na kaskazi hata Zanzibar, yakangoja kusi ndipo yakarejea. Seyyid Said alipoihamishia Zanzibar makao yake, wafanyabiashara wa Kihindu, walioitwa Banyani na wenyeji, walikwisha zoeleka katika bandari zetu. Na nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ilikodisha forodha za Sultani kwa miaka mingi ya karne ya 19. Wengi wa watu hao walikuja peke yao, wake na watoto wakabaki ng'ambo. Baadaye ikajengwa reli ya Mombasa hata ziwa Viktoria, kati ya 1896 na 1901, kwa mikono ya maelfu ya vibarua walioletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Waashi wa vijiji vya jirani na Bhuj wakajenga majumba ya Nairobi, na wenye maduka wakaingia bara. Hivyo tangu kizazi cha kwanza ukoo ulikuwa na nyumba mbili, na bahari katikati.

Mtawanyiko wa pili ulitokea hapa hapa Afrika. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 familia nyingi zilivuka kwenda Dar es Salaam, Mombasa na India. Mwanzoni mwa 1968 Wahindi wengi wa Kenya waliokuwa na pasi za Kiingereza walikimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa kwa sheria. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yalitaifishwa Tanzania, na wengine wakaondoka. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wametoka. Zaidi ya 27,000 walipokewa Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko, lakini walikwenda kwa maelfu, kwa sababu shangazi, mjomba au binamu alikwisha tangulia na alikuwa na chumba cha kuwapokea. Undugu ni kufaana, si kufanana.

Familia moja ikawa katika nchi nne au tano, na hata jina halikubaki moja. Kwa desturi ya Kigujarati mtu hutaja jina lake, la baba yake, kisha la ukoo. Lakini katika karatasi za uhamiaji na leseni za biashara mara nyingi jina la baba au babu ndilo lililogeuka kuwa la ukoo. Ndugu wawili wakaacha wajukuu wenye majina mawili mbalimbali, wasiojua kwamba ni wa mlango mmoja. Lugha nayo ina mitego yake. Kwa Kigujarati «kaka» ni ndugu wa kiume wa baba, «mama» ni mjomba, na «dada» ni babu mzaa baba. Mtoto wetu aliyelelewa kwa Kiswahili, akisikia kwamba dada alikufa mzee mwenye ndevu nyeupe, ana haki ya kushangaa! Hata hivyo lugha hiyo hiyo hutufichua. Mtu wa Leicester anayeuita muhogo «mogo», na kutaja kisu, sufuria na fagio katikati ya Kigujarati chake, hahitaji cheti cha kuthibitisha kwamba wazee wake walipita Afrika Mashariki.

Juu ya misukosuko hiyo, majina yalikuwa na watunzaji. Katika vijiji vya Gujarat walikuwapo Barot, watu ambao kazi yao ya kurithi ni kutunza vitabu vya nasaba. Walizunguka kwa wateja wao, wakasoma kwa sauti orodha ya mababu, wakaandika waliozaliwa tangu ziara iliyopita, na kupewa zawadi. Huko Haridwar, mahali mto Ganga unapotoka milimani, makuhani huandika kila familia inayokwenda kuhiji au kupeleka majivu ya marehemu. Daftari zao hupangwa kwa kijiji cha asili, wala si kwa mahali mtu anapokaa leo. Kwa hiyo mzaliwa wa Tanga na mzaliwa wa Toronto, wakitaja kijiji kimoja, huenda wakafunguliwa ukurasa mmoja na kuona sahihi ya babu yao mmoja. Na katika ibada ya shraddha mwana hutaja kwa majina baba, babu na baba wa babu. Dini yenyewe inatudai tujue angalau vizazi vitatu.

Lakini vitabu hivyo vina mapengo, nasi hatuna budi kuyasema. Kwa sehemu kubwa vilifuata wana wa kiume. Bibi zetu, waliofungua duka alfajiri, waliolea watoto na kuandika barua zilizouunganisha ukoo pande zote mbili za bahari, mara nyingi hawakuandikwa, au waliandikwa kama mke wa fulani. Hili halina msingi katika mapokeo yetu. Huko Siddhpur, Gujarat, ipo ibada maalumu ya mama, na mapokeo husema kwamba hapo Kapila alimwombea mama yake Devahuti. Tena, baadhi ya waliokuja peke yao walizaa na wanawake wa hapa. Watoto hao ni damu yetu. Wajukuu zao wangali jirani zetu, na daftari halikuwataja. Ukoo unaotafuta jamaa Kanada na kumpita jamaa wa mtaa wa pili haujamaliza kutafuta.

Tena karatasi haziishi milele. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliangusha vijiji vya Kutch, na pamoja na roho nyingi zilipotea nyumba za mababu na masanduku yaliyokuwamo. Hapa pwani adui zetu ni mchwa na unyevu. Mahekalu yetu yana vibao vya marumaru vyenye majina ya wafadhili, vitabu vya ndoa, daftari za mahali pa kuchomea maiti na hesabu za zamani zilizoandikwa kwa hati ya Kigujarati ambayo vijana wengi hawawezi kuisoma. Kwa mjukuu anayekuja kutoka mbali, hizo ndizo Haridwar yake.

Kwa hiyo tunaziomba familia zote: katika siku za shraddha zijazo, kaeni na mzee aliye hai, mwandike. Andikeni kijiji, mungu-mke wa ukoo, mwaka na bandari ya kufikia, walioondoka na walikokwenda, na waliobaki. Andikeni majina ya mama na mabinti kwa ukamilifu, na wale walioachwa nje. Nakala moja mbaki nayo nyumbani, ya pili mpeni nduguye aliye ng'ambo, ya tatu iwekwe hekaluni. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili yetu sasa ina pwani mbili, na hii ya pili hakuna Barot atakayekuja kutuandikia.