Momiji: Mti Uishio kwa Mikono ya Watu

Miti mingi hutunzwa na wanadamu kwa ajili ya matunda, mbao au kivuli. Ni michache itunzwayo kwa ajili ya majani peke yake. Na katika hiyo, mti ambao Wajapani huuita momiji umepata sifa kubwa. Si mti mrefu: hukua mita 6 hadi 10. Jani lake limegawanyika ncha tano, saba au tisa, mfano wa kiganja kilichokunjuliwa. Jina lake la pili, kaede, latokana na maneno ya kale yenye maana ya mkono wa chura. Majira ya baridi yakaribiapo, ukijani hufifia na wekundu hutokea, hata mlima mzima ukaonekana kama unaowaka moto. Tangu zamani Wajapani wana desturi ya kwenda milimani kuutazama wekundu huo, na matembezi hayo huyaita kuwinda momiji.

Bustani za momiji zilistawi sana katika zama za Edo, yaani tangu 1603 hata 1868. Nchi ilikuwa na amani, na mabwana wa majimbo walilazimishwa kuwa na majumba katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Kila jumba lilitaka bustani, na kila bustani ilitaka miti. Katika kijiji cha Somei ukoo wa Ito ulifanya kazi ya kukuza na kuuza miche. Na mwaka 1710 mmoja wao alipiga chapa kitabu kilichotaja aina 36 za momiji.

Hapa yafaa msomaji afahamu jambo moja, kwa kuwa ndilo kiini cha historia hii. Mbegu ya momiji haina ahadi. Miche itokayo katika mbegu za mti mmoja huweza kutofautiana na mama yao, hata wao kwa wao. Atakaye kuhifadhi aina fulani hana budi kukata kijiti cha mti ule na kukiunga katika shina la mche mwingine, mpaka viwe kitu kimoja. Mti wa kwanza hufa, kijiti huendelea; nacho kikizeeka, hukatwa kingine. Basi aina ya zama za Edo iliyopo leo haikutufikia kwa nguvu ya maumbile, bali kwa mikono iliyopokezana. Kizazi kimoja kikizembea, aina hutoweka.

Kupokezana huko huonekana zaidi katika bonsai, yaani mti uliopandwa katika sinia. Sanaa hii asili yake ni China, na picha ya Kijapani ya mwaka 1309 yaonyesha vijiti vidogo katika vyombo. Momiji wa sinia si mti wa jamii nyingine. Ni mti ule ule, uliozuiwa kwa kupogolewa mizizi na matawi. Waya huongoza tawi lingali laini, kwani samaki mkunje angali mbichi. Majani huondolewa mwanzo wa kiangazi ili yachipuke mengine madogo zaidi. Kazi hii haimaliziki, na mti mara nyingi humzidi umri mtunzaji wake.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi liliuharibu mji wa Tokyo. Baadhi ya watunzaji wa bonsai wakahamia Omiya, wakaanzisha kijiji chao mwaka 1925. Sharti za ukaaji zilikuwa nne: kila mwenyeji awe na bonsai zisizopungua kumi, lango lake liwe wazi kwa watu wote, nyumba isiwe ya ghorofa, na ua uwe wa miti. Vita Kuu ya Pili ikawapunguza mno. Na bustani zilizokaribia 30 katika miaka ya 1930 leo hazifiki 10.

Ng'ambo, mambo yalikwenda kinyume. Carl Peter Thunberg wa Uswidi, aliyekaa Japani mwaka 1775 na 1776, aliupa mti huu jina la kitaalamu, Acer palmatum. Ulifika Uingereza mwaka 1820, na leo hustawi katika bustani nyingi za Ulaya na Marekani, wenye aina zaidi ya 1,000 zilizopewa majina. Lakini wingi wa majina si salama ya kutosha. Kila jina lategemea mtu mmoja mwenye kisu na subira, na mwingine aliye tayari kujifunza kwake kabla hajafa.