Kelele za Mpira kutoka Mbali: Habari ya Ufipa

Sumbawanga, mji mkuu wa uwanda wa juu wa Ufipa, uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mpenda mpira wa huko aliujua mchezo wa mbali kwa masikio tu. Mwaka 1993, Simba ilipofungwa mabao 2 kwa 0 jijini Dar es Salaam na Stella ya Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, Tanzania Bara ilikuwa haijapata kituo cha televisheni. Waliokusanyika penye redio moja walihuzunika pamoja. Lakini mwenye ndugu yake pwani hakuwa na njia ya kuugua naye wakati ule ule.

Televisheni ilianza Bara mwaka 1994. Baadaye yakaja madishi ya setilaiti, na mkusanyiko wa redio ukahamia vibanda umiza. Jambo jipya hasa lililetwa na simu ya mkononi: marafiki waliotengana waweza kutazama mchezo mmoja, kila mtu mahali pake, wakiandikiana katika kundi la WhatsApp.

Hata hivyo pana kikwazo. Picha hubanwa, hurushwa hadi setilaiti iliyo juu kiasi cha kilomita 36,000, kisha hufunguliwa tena. Kwa hiyo huchelewa sekunde kadhaa. Mwaka 2020 Tanzania Prisons iliifunga Simba bao 1 kwa 0 katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Safari hii Mfipa ndiye aliyekuwa uwanjani, na wa Dar es Salaam ndiye mtazamaji wa mbali. Katika hali kama hiyo ujumbe waweza kulitangulia bao, na ukelele wa furaha ukamharibia rafiki utamu wake. Umbali haukwisha; umegeuka kuwa sekunde.

Kwetu sisi wachunguzi wa lugha, mna hazina humo. “Gooooli!” iliyoandikwa kwa irabu nyingi ni Kiswahili cha mdomo kilichovaa maandishi. Vilio vya 1993 penye redio vilipotea hewani. Vya leo vimeandikwa, lakini simu ikiharibika navyo hutoweka. Yafaa vikusanywe mapema, kwa idhini ya wenyewe, tupate kujua pia ni wapi, katika furaha au uchungu, Mfipa hukiacha Kiswahili akarudia Kifipa.