Simpleksi shambani Ukambani

Wasomaji, leo tuache programu kidogo. Chuoni nilikariri simpleksi, mbinu ya George Dantzig ya 1947 ya kugawa rasilimali chache upate faida kubwa kabisa. Nikadhani ni ya viwandani. Kumbe Judith Heyer, aliyeandika tasnifu ya udaktari juu ya wakulima wadogo wa Kenya (London, 1966), alipiga hesabu za aina hiyo kwa mashamba ya Masii, Machakos, jirani zetu watu wa Tulia. Makala ilitoka 1971. Ya 1972 ikaongeza jambo gumu: mavuno yasiyo na uhakika.

Nami nikamtengenezea mama jedwali: mahindi yashinda mtama, kwa wastani. Akalitazama.

“Na mwaka wa ukame umeuweka wapi?”

Sikuwa nimeuweka.