Nyanya Alifika Darasa la Ngapi?

Leo baada ya futari hapa Kabati, hebu muulize nyanya (au susu, kama mnavyomwita nyumbani) alifika darasa la ngapi. Kisha muulize mama, kisha ujijibu wewe. Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni utasikia: hakwenda, darasa la saba, kidato cha nne.

Shule zilikuja na wamishonari. Walutheri wa Kijerumani walianzia Ikutha, na mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission akafungua kituo Nzaui. Kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja, basi wazazi wa Kiislamu wakiogopa walikuwa na sababu. Watoto wakabaki chuoni na msahafu. Ndiyo maana mzee aliyehitimu Qur'ani, anayeandika barua kwa herufi za Kiarabu, mbele ya karani wa serikali alihesabiwa "hajasoma". Mimi naona huo ulikuwa ni uonevu wa hesabu.

Baada ya uhuru kilichoamua ni karo. Januari 1974 karo ilifutwa darasa la kwanza hadi la nne, watoto wakafurika. Lakini shule zikaanza kudai pesa za majengo, na wengi wakarudi nyumbani. Mwaka 1979 ikafutwa kwa madarasa yaliyobaki ya msingi, na maziwa ya Nyayo yakaja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wazazi wakaambiwa wachangie gharama tena. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na wanafunzi nchini wakapanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 mwaka huo huo. Hao milioni na zaidi walikuwa wapi? Walikuwa nyumbani, wanachunga mbuzi!

Na huku kwetu kuna mvua. Karo hutoka kwa ndengu na mbuzi. Mvua ikikosa, mbuzi anauzwa kwa bei ya kutupa, na binti ndiye wa kwanza kuachishwa shule akateke maji. Ndiyo maana chakula cha mchana shuleni, kilicholetwa na Shirika la Chakula Duniani kuanzia 1980 katika sehemu kame, kiliwavuta watoto darasani kuliko hotuba yoyote.

Tusiwasahau akina mama wa mwethya, waliobeba mchanga na maji shule za harambee zikajengwa. Hata kule Kwa Vonza, watu wa Ukambani walichangishana wapate chuo cha kilimo, UKAI. Mahali hapo pakawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Leo binti wa Kabati anaweza kupata digrii bila kuvuka mto Athi, ndengu zikikubali.

Basi ukimuuliza nyanya, uwe na kalamu. Andika jina, mwaka, darasa, na kilichomtoa shule. Aliyesoma chuoni tu, mwandike pia, na juzuu alizofika.