Somi

Somi (jina kamili: Laura Kabasomi Kakoma) ni mwimbaji, mtunzi wa nyimbo, mwandishi wa tamthilia na mwanataaluma wa Marekani mwenye asili ya Uganda na Rwanda. Muziki wake unachanganya jazz, soul na mitindo ya Afrika. Anajulikana hasa kwa albamu zinazotokana na uchunguzi wa mahali au jamii fulani.

Maisha ya awali na elimu

Alizaliwa Champaign, katika jimbo la Illinois. Sehemu ya utoto wake aliishi Zambia pamoja na familia yake, kisha wakarudi Illinois. Katika Chuo Kikuu cha Illinois alisomea antropolojia na masomo ya Afrika. Baadaye alipata shahada ya uzamili ya sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha New York, na akafanya masomo ya uzamivu ya muziki katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Muziki

Mpiga tarumbeta Hugh Masekela wa Afrika Kusini alikuwa mmoja wa walezi wake katika sanaa, naye anasikika katika albamu ya If the Rains Come First (2009).

Antropolojia humfundisha mtafiti kuishi na watu ili awaelewe. Somi alifuata njia hiyo katika utunzi. Kabla ya kutoa The Lagos Music Salon (2014) alihamia Lagos, Nigeria, akaishi huko kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Nyimbo za albamu hiyo zinahusu mapenzi na pilikapilika za jiji, lakini pia biashara ya ngono na uchafuzi wa mito. Walioshiriki ni pamoja na Angélique Kidjo na Common.

Petite Afrique (2017) inahusu wahamiaji wa Afrika Magharibi wanaoishi kandokando ya mtaa wa 116, Harlem, jijini New York. Kodi za nyumba zilipopanda, wengi walianza kuhama na maduka yao kufungwa. Albamu hiyo imehifadhi kumbukumbu ya jamii iliyokuwa ikitawanyika, wakiwemo madereva wa teksi. Ilipata tuzo ya NAACP Image mwaka 2018.

Kazi ya kujitegemea

Albamu hizo mbili zilitolewa na Okeh, lebo iliyo chini ya Sony. Mwaka 2020 Somi alianzisha lebo yake, Salon Africana, na kutoa Holy Room, iliyorekodiwa jukwaani Frankfurt, Ujerumani, pamoja na bendi kubwa ya redio ya mji huo. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya uimbaji wa jazz. Kwa hiyo, hatua ya kujitegemea haikumwondoa katika mashindano makubwa.

Miriam Makeba

Tamthilia yake Dreaming Zenzile inasimulia maisha ya Miriam Makeba, ambaye Waafrika Mashariki wengi wanamkumbuka kwa kuimba Malaika, na aliyeishi uhamishoni miaka 31. Ilionyeshwa St. Louis mwaka 2021 na New York mwaka 2022. Albamu ya Zenzile ilitoka tarehe 4 Machi 2022, siku ambayo Makeba angetimiza miaka 90.

Mwaka 2023 Somi aliigiza Broadway katika Jaja's African Hair Braiding, tamthilia inayohusu wasusi wa Kiafrika huko Harlem.

Albamu

Red Soil in My Eyes (2007)
If the Rains Come First (2009)
The Lagos Music Salon (2014)
Petite Afrique (2017)
Holy Room (2020)
Zenzile (2022)