Kijiko cha mafuta ya samaki na surua ya Mvumi

Wiki mbili zilizopita mtu alituma sauti kwenye grupu la familia yetu: surua si ya kuogopa, mpe mtoto mafuta ya samaki kila siku, chanjo ya nini? Binamu yangu ana mtoto wa miezi kumi na moja. Akaniandikia pembeni, "Dada, hii ni kweli?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikashindwa. Nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ina historia iliyopita hapa London ikapita na kwetu.

Tuliokulia huku tunakijua kile kijiko. Asubuhi ya baridi, kabla ya shule, unaziba pua unameza. Mama alikuwa na maelezo mafupi tu: yanalinda kifua. Kumbe wazo hilo lilikuwa na wataalamu wake zamani. Mwaka 1928, Harry Green na Edward Mellanby wa Sheffield waliandika kwamba panya walionyimwa vitamini A walikufa na maambukizi, wakaiita vitamini inayopigana na maambukizi. Mafuta ya ini la samaki yamejaa vitamini hiyo.

Surua tunaijua kwa vipele, lakini virusi vyake huingia kwa pumzi, na mara nyingi kinachoua ni nimonia inayofuata. Vitamini A husaidia utando wa koo na mapafu ubaki mzima. Mtoto anayekula vizuri ana akiba yake kwenye ini, na surua ikija inaila hiyo akiba. Asiye na akiba je?

Mwaka 1932 daktari Joseph Ellison alichukua watoto 600 wa London waliolazwa kwa surua, akawapa nusu yao vitamini A. Katika 300 waliopewa walikufa 11. Katika 300 wengine, 26. Halafu? Karibu kimya. Chakula cha Waingereza kikaboreka, antibiotiki zikaja, na ripoti yake ikalala zaidi ya miaka 50.

Ilipoamka, ilikuwa Dodoma. Madaktari wa hospitali ya Mvumi walikuwa wanaona watoto wanapofuka baada ya surua, kwa vidonda kwenye kioo cha jicho. Barclay, Foster na Sommer wakawapima watoto 180 waliolazwa: nusu walipewa dozi kubwa ya vitamini A kwa siku mbili mfululizo, nusu matibabu ya kawaida. Matokeo yakatoka mwaka 1987. Waliopewa walikufa 6 kati ya 88, wasiopewa 12 kati ya 92. Hesabu ndogo hiyo, ingeweza kuwa bahati. Ila kwa walio chini ya miaka miwili ilikuwa kifo kimoja dhidi ya saba. Mwaka huohuo WHO na UNICEF wakapendekeza vitamini A kwa wagonjwa wa surua kule inakoua sana. Mwaka 1990 Cape Town wakarudia: vifo 2 kati ya 92, dhidi ya 10 kati ya 97.

Ile sauti ya WhatsApp imeruka jambo moja. Watoto wote hao walikuwa tayari wameshaugua, wako wodini, na wengi mwilini hawakuwa na akiba ya kutosha. Hakuna aliyezuiwa asipate surua. Ukimjazia aliyeshiba ni hadithi nyingine: majira ya baridi ya 2020 hadi 2021, Wanorwe walijaribu kijiko kwa watu wazima zaidi ya 34,000, na hakikupunguza korona wala mafua mengine. Na ziada inakaa kwenye ini. Mwaka 2025, surua ilipolipuka Texas, madaktari walipokea watoto ambao ini limeanza kusumbuka kwa vitamini A nyingi waliyopewa nyumbani.

Kwa hiyo nilimwandikia binamu: mchicha mpe, embe mpe, viazi vitamu vya njano mpe. Chanjo ya surua hapa Uingereza huanza mtoto akitimiza mwaka, yaani mwezi ujao. Piga simu leo.

Amepata nafasi Jumanne, siku tatu baada ya keki. Bibi yake ameshanunua chupa ya mafuta, na hilo bado tunabishana.